Yakifukuzwa, Yaende Wapi?

Asimamaye asubuhi kando ya barabara ya Nyerere, karibu na Mlango Mmoja hapa Mwanza, huona jambo ambalo wenyeji wa mahali hapo wamekwisha kuacha kulitazama. Lori limesimama kupisha watu. Limebeba saruji, au mbao, au magunia ya mpunga, nalo limejaa kupita kiasi. Dereva akanyaga mafuta ili liondoke, na mara hiyo latoa moshi mweusi, mzito, kimo cha mtu aliyeketi. Moshi huo huwafunika wauza nyanya na wauza karanga, humfunika mama mwenye sufuria la maharage, humfunika na mtoto wake aliyelazwa nyuma yake juu ya kipande cha kanga. Mama huvuta upande wa kanga akafunika sufuria upesi. Mtoto hamfuniki, maana hata akimfunika, atapumua nini?

Tumelisikia mara nyingi, katika mazungumzo ya watu wa mji huu, shauri la kwamba malori makuukuu yenye moshi yapigwe marufuku kuingia katikati ya jiji. Wengine husema yazuiwe mchana tu. Wengine husema yasionekane kabisa. Shauri hili si geni duniani, wala si baya, na sisi twaliunga mkono. Lakini lina swali moja ndani yake ambalo wenye kuliunga mkono hupenda kuliruka, nalo ni hili: yakishafukuzwa, yatakwenda wapi, na huko yaendako anakaa nani?

Kwanza tuwajibu wale wanaosema kwamba moshi ni usumbufu tu, kama kelele au vumbi, na kwamba mji unaokua hauna budi kuuvumilia. Moshi wa dizeli hubeba masizi madogo mno. Chembe zinazoogopwa zaidi na waganga hazifiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele mmoja; kwa udogo huo hupenya hata vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwezi Juni 2012, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza maradhi ya saratani iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu ambavyo ni hakika vyaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika hilo lilikata kwa nusu kiasi cha chembe hizo kinachopendekezwa hewani kwa wastani wa mwaka, toka 10 hadi 5, kwa mizani ya mikrogramu katika mita moja ya ujazo wa hewa. Walikata kwa sababu uchunguzi ulionyesha kwamba hata kidogo chadhuru. Tena moshi ule mweusi si lazima utoke. Fundi yeyote wa injini atakueleza kwamba hutoka mafuta yanapozidi hewa: nozeli zimechakaa, chujio la hewa limeziba, pampu haikupimwa siku nyingi, au mzigo umepita nguvu za injini. Kwa maneno mengine, mara nyingi ni uzembe unaoonekana kwa macho.

Wenzetu wa Ulaya walianza kuzuia malori ya namna hiyo zamani kidogo. Miji ya Sweden, Stockholm ikiwamo, ilianza mwaka 1996. London ilianza tarehe 4 Februari 2008, kwa malori yenye uzito wa zaidi ya tani 12. Lori lisilotimiza kipimo lilitozwa pauni 200 kwa kila siku liingiapo. Na asidhani mtu kwamba waliyafanya hayo kwa kupenda usafi tu. Mwaka 2013 msichana mmoja wa miaka 9, aliyeishi kusini mwa London karibu na barabara yenye magari mengi, alikufa kwa pumu. Mama yake hakukubali kunyamaza. Ilipofika Desemba 2020, afisa wa sheria mwenye kazi ya kuchunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kumuua. Ilikuwa mara ya kwanza katika Uingereza jambo hilo kuandikwa katika sababu za kifo cha mtu. Hapa kwetu watoto wa kando ya barabara nao huugua vifua, lakini hatujui kwamba yuko mmoja aliyeandikiwa hivyo.

Sasa na tufuate lori lililokataliwa mlangoni mwa miji ile. Halikuvunjwa. Gari lililokatazwa kule huuzwa, na mnunuzi hupatikana penye sheria nyepesi. Oktoba 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa juu ya magari madogo yaliyotumika: kati ya 2015 na 2018, magari milioni 14 ya namna hiyo yaliuzwa nchi za nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na sehemu kubwa yake yalikuja Afrika. Hayo ni madogo. Malori hayakuhesabiwa humo, ila njia yao twaijua, maana twayaona bandarini Dar es Salaam na Mombasa, mengine yangali na maandishi ya kampuni za kule ubavuni mwao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilikataza lililozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada gari lililopita umri. Basi London imesafisha hewa yake, jambo jema. Lakini sehemu ya uchafu ule haikukoma, ilihama tu, ikavuka bahari. Aliyeuza alipata fedha na akapata sifa pia.

Twataja hayo si kwa kuwalaumu watu wa mbali, kazi ambayo ni rahisi na haimgharimu mhariri kitu. Twayataja kwa kuwa sisi nasi, tukiyafukuza malori mjini Mwanza pasipo kufikiri, tutawatenda watu wa Igoma na Kisesa na Buhongwa kama tulivyotendwa.

Husemwa hapa: "Lakini lori kuukuu ni la maskini. Tajiri ana jipya. Sheria hii itamwangukia mnyonge." Neno hili ni zito, na hatutalipita kwa haraka. Twawajua watu wa namna hiyo. Ndugu watatu wameuza ng'ombe, wameongeza akiba ya pamba ya miaka kadhaa, wamenunua Fuso lililokwisha kutumika. Fuso hilo ndilo linalosomesha watoto wa nyumba tatu, hubeba dagaa toka Mwaloni Kirumba, hurudi na mahindi, na kila lifikapo kituo cha ukaguzi mwenyewe moyo humdunda. Ukimwambia mtu huyo kwamba kesho asiingie mjini, humwambii habari ya hewa. Wamwambia habari ya ada za shule.

Walakini yupo maskini wa pili, naye hana lori. Ni yule mama mwenye sufuria. Amekaa pale tangu alfajiri hata jioni, siku sita za juma, na moshi wa Fuso lile, pamoja na moshi wa malori mengine mia ambayo si ya maskini hata kidogo, amekuwa akiupokea bila kuulizwa na bila kulipwa. Tukisema kwamba umaskini wa mwenye lori wampa ruhusa, tumemfanya maskini wa pili alipe gharama za maskini wa kwanza, tena kwa mapafu ya mwanawe. Hakuna aliye maskini hata akawa na haki ya kumvutisha moshi mtoto wa mwingine. Na hakuna mwenye mamlaka aliye na haki ya kumwokoa mtoto huyo kwa kuivunja riziki ya jirani, iwapo iko njia nyingine. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, nasi hatuoni faida ya kujifanya kwamba ni jepesi.

Turuhusiwe kuondoka Mwanza kidogo twende Dar es Salaam, kwa kuwa huko swali letu limekwisha kufikishwa mahakamani, ijapokuwa halikuwa juu ya malori. Lilikuwa juu ya takataka. Miaka ya 1980 jiji lile lilikuwa likimwaga taka zake Tabata, nazo ziliwaka moto usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi walichoka, wakafungua shauri Mahakama Kuu, wakashinda. Baraza la Jiji likaomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga palepale. Jaji Lugakingira alilikataa ombi hilo, tena kwa mshangao: hakuwa amepata kusikia mamlaka ya umma ikija mbele ya mahakama kuomba kibali cha kuchafua hewa na kuhatarisha maisha ya watu. Alilitegemeza neno lake juu ya Katiba, ibara ya 14, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa neno kubwa kuliko watu walivyolitambua wakati ule. Maana yake ni kwamba haki ya kuishi si kutokuuawa kwa panga tu. Hata moshi waweza kuivunja.

Basi Baraza likafanya nini? Likazipeleka taka Kunduchi Mtongani. Kule nako walikuwako watu. Mwaka 1991 watu 795 wa Mtongani walikwenda mahakamani, nao wakapewa haki. Baadaye jaa likawa Vingunguti, na mwishowe, baada ya miaka, likafika Pugu Kinyamwezi. Tazama jinsi lilivyotembea! Kila mahali lilikaa mpaka wenyeji walipopata sauti ya kutosha kulifukuza, kisha likaenda kuwatafuta wengine ambao sauti yao ilikuwa bado ndogo. Hatusemi kwamba mtu fulani alikaa mezani akapanga kuwaonea wanyonge. Hapakuhitajika mtu mbaya. Ilitosha kila aliyehusika aulize, "Tutauondoaje uchafu huu hapa?" na asiwepo wa kuuliza, "Na kule je?"

Ndiyo maana tumeliweka swali letu mbele ya shauri hili la malori. Ukichora duara kuzunguka katikati ya Mwanza, kuanzia bandarini mpaka benki na ofisi na hoteli, ukasema ndani yake moshi usiingie, umewalinda watu gani? Watumishi wa ofisi, ambao hukaa ndani saa nane kisha hurudi makwao. Wageni wanaokuja kulitazama Jiwe la Bismarck. Wenye nyumba Capri Point. Hao nao ni watu, na mapafu yao ni mapafu. Lakini malori yakifika ukingoni mwa duara yatasimama, yatashusha mizigo, injini zikinguruma, na mahali pa kusimama patakuwa Igoma au Buhongwa au Mkuyuni, penye magenge na vibanda na watoto wengi kuliko katikati ya mji. Sheria ya namna hiyo yaweza kuitwa sheria ya hewa safi, nayo ikawa sheria ya mahali pasafi tu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye seminarini tulimsoma kwa jasho na wakati mwingine kwa usingizi, aliifikiri hatari hii karne ya kumi na tatu. Alifundisha kwamba sheria yaweza kukosa haki kwa njia nyingi, na mojawapo ni hii: shabaha yake yaweza kuwa njema, kwa manufaa ya wote kweli, na bado isiwe ya haki, kwa kuwa mizigo yake haikugawanywa kwa kadiri ipasayo. Twaona fundisho hilo lafaa kuandikwa juu ya meza ya kila diwani. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote, alionyesha kwamba madhara ya hewa chafu huwaangukia maskini kwanza.

Nchi yetu imekwisha kuonja jambo hili la mizigo isiyogawanywa. Wasomaji hawajasahau neno "uchakachuaji". Wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na ushuru mdogo, na dizeli, wakauza yote kwa bei ya dizeli. Injini ziliharibika, moshi ukazidi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ili pasiwe na faida ya kuchanganya. Kwa hesabu, dawa ilikuwa sahihi. Lakini nani aliyeinywa? Bibi wa Sengerema au wa Ukerewe aliyewasha koroboi ili mjukuu wake asome. Yeye hakuwa amechakachua kitu. Tunakiri kwamba wakati ule sisi wenyewe tuliona hatua ile ni ya busara. Leo umeme umefika vijiji vingi na jambo lile limepoa, ila somo lake halijapoa.

Basi twataka nini Mwanza? Twataka lori lipimwe kwa moshi wake, si kwa umri wake wala kwa sura yake. Kipo chombo cha kuweka kwenye bomba la moshi kinachoonyesha weusi wake kwa dakika chache. Fuso la mwaka 1998 lililotunzwa vema laweza kutoa moshi mdogo kuliko lori changa la tajiri asiyejali. Na sheria inayomwadhibu mtu kwa ukuukuu wa mali yake badala ya tendo lake imekwisha kupotoka kabla ya kuanza. Aliyeshindwa apewe miezi ya kutengeneza, tena aelezwe kilicho kibovu, si kuandikiwa faini tu. Msingi wa sheria upo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila akaaye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kanuni za viwango vya hewa zilitolewa mwaka 2007. Dizeli nayo imekuwa bora kuliko zamani; tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Kwa hiyo mwenye lori hawezi tena kuyasingizia mafuta peke yake.

Tena tungependa marufuku ianzie mahali watu wanapopumua kwa muda mrefu zaidi. Ianzie Mlango Mmoja kabla ya mtaa wa benki. Ianzie penye zahanati na shule za kando ya barabara. Na wa kwanza kupimwa wawe magari ya umma: malori ya taka, magari ya idara, mabasi ya shule. Tusijitoe na sisi wa Kanisa. Mwaka jana tulipanda gari moja la kazi za kichungaji kwenda kijijini. Lilikuwa likiacha wingu nyuma yetu, na watoto waliokuwa wakitupungia mikono walipotelea humo. Sisi tulifunga vioo.

Gharama nazo zisimwangukie mwenye Fuso peke yake. Anayeletewa saruji kwa nauli ya chini kabisa hupata faida ya nozeli iliyochakaa, maana nauli hiyo haitoshi kununua mpya. Mwenye mzigo mkubwa atozwe kidogo, na fedha hiyo isaidie matengenezo. Mizigo ya mbali irudi relini na majini kadiri iwezekanavyo: reli ilifika mji huu mwaka 1928, meli ya mabehewa MV Umoja ilirudia safari za Port Bell mwaka 2018, na ujenzi wa reli mpya kutoka Isaka ulianza mwaka 2021. Behewa halipiti Mlango Mmoja.

Iliyobaki ni barabara ya mchepuo kutoka Usagara hadi Kisesa, ambayo kwayo malori yaendayo Musoma huweza kuuacha mji kando. Ni kazi njema, na itazidi kuhitajika sasa kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na malori ya Geita na Bukoba hayasubiri tena kivuko. Lakini twajua desturi ya nchi yetu. Penye malori yanayopita hujengwa kibanda cha chai. Penye kibanda huja muuza matunda. Baada ya miaka mitano pana soko na shule. Kama halmashauri zinataka kupima ardhi ya kando ya barabara ile na kuacha nafasi kati ya lami na nyumba, wakati ni sasa, kabla ya yule mama mwenye sufuria kuhamia huko kuwafuata wateja wake.

Tungefurahi kupata barua za wenye malori, madereva na utingo juu ya jambo hili, kwa maana wao huuvuta moshi huo kuliko sisi sote, na mara nyingi hulala chini ya gari injini ikiwa bado ya moto. Tungefurahi pia kupata barua za wanawake wa Mlango Mmoja. Tutazichapa hata zikiandikwa kwa penseli.